Dawa Iliyofika Mwisho wa Mwezi

Ukitaka kumuudhi mtunza stoo ya dawa wa hospitali ile, mwambie dawa zimekwisha. Asingekugombeza. Angekutazama juu ya miwani, kisha angeuliza taratibu, "Zimekwisha kwa nani?" utadhani umemtukania ukoo mzima. Miaka ishirini na sita alikuwa amekaa kwenye chumba kile chenye dirisha dogo la chuma, rafu mpaka darini na feni inayozunguka siku ikijisikia, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kujaza hata fomu moja ya upungufu. Bunda la fomu hizo lilikuwa kwenye droo, limegeuka rangi ya chai ya maziwa, na aliwaonyesha wageni kama watu wengine wanavyoonyesha picha za harusi.

Wenzake walimwita Mama Kufuli. Jina lilitokana na kabati la chuma nyuma ya kiti chake, lenye kufuli mbili, ambamo dawa kali zilitunzwa. Ufunguo mmoja aliuvaa shingoni, wa pili alikaa nao Mganga Mkuu wa hospitali, na bila wawili hao kusimama pale pamoja kabati halikufunguka hata angekuja waziri. Ndani yake, kati ya vitu vingine, mlikuwa na kopo la unga wa mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali. Kila Jumanne na Ijumaa alichemsha maji, akayapooza, akapima unga kwenye mzani mdogo, akachanganya, kisha akatia tone la rangi ya kijani ili mtu nyumbani asije akadhani ni maji akanywa kwa kiu. Wagonjwa, au ndugu zao, walipanga foleni dirishani na chupa walizozileta wenyewe: za sharubati, za dawa ya kikohozi, zimeoshwa zikasuguliwa mpaka lebo zimetoka.

Hiyo ilikuwa dawa ya wale ambao saratani ilishawafikisha mbali. Haiponyi, hilo kila mtu alijua. Inamrudishia mtu usingizi, inamwezesha kumeza vijiko viwili vya uji, na inampa nguvu ya kugombana na watoto wake kama zamani, jambo ambalo watu wa nyumbani hulifurahia kuliko unavyofikiri.

Kopo lilikuja moja kila baada ya miezi mitatu. Kwa kipimo kamili lingekwisha baada ya wiki sita. Mama Kufuli hakukubali liishe. Alitoa nusu, kila chupa nusu, na kila aliyepokea alipewa na maneno yale yale: "Ujitahidi ifike mwisho wa mwezi." Waliokuja baada ya nusu hizo kugawanywa aliwaambia kwa upole, "Pita mwezi ujao, mwanangu," wakaenda zao. Hao hakuwaandika popote. Daftari la dawa kali lina safu ya tarehe, ya jina la dawa, ya kiasi kilichotoka na ya kilichobaki; halina safu ya mtu aliyeondoka na chupa tupu.

Usimfikirie vibaya. Mwanamke huyu alikuwa akigawana chakula chake cha mchana na wafagiaji. Lakini alilelewa na mama aliyeamini kwamba nyumba yenye heshima haiombi chumvi kwa jirani, na imani hiyo alikuja nayo kazini, akaifungia kabatini pamoja na dawa.

Sasa, ikaja barua kutoka wizarani. Serikali ilikuwa inatunga mpango wa taifa wa miaka mitano wa kudhibiti saratani na kueneza tiba shufaa, yaani ile huduma ya kumtuliza mgonjwa maumivu na kumkalia karibu, apone asipone. Rasimu ilisambazwa ili kila hospitali ihakiki mstari wake kwenye jedwali la takwimu. Mganga Mkuu, mwanaume mpole mwenye tabia ya kupangusa kipara anapokuwa na wasiwasi, alimwita ofisini. Alikuwa anapangusa.

"Soma mstari wetu, mama."

Mama Kufuli akavuta miwani. Wenye kuhitaji mofini kwa mwaka: kumi na mmoja. Taarifa za upungufu: hakuna. Kundi: la tatu.

"Hakuna upungufu," akasema, na tabasamu likamponyoka. "Wametuona."

"Wametuona, ndiyo. Kundi la kwanza wanapata muuguzi aliyesomea tiba shufaa, wanapata chumba, na dawa inaletwa kulingana na wagonjwa. Kundi la tatu tunasubiri miaka mitano. Kwao sisi tumeshiba."

"Lakini kumi na mmoja wametoka wapi? Mimi nagawia zaidi ya ishirini!"

"Wamechukua dawa yote iliyotoka kwako mwaka jana, wakaigawa kwa kipimo kamili cha mtu mmoja. Ikaja kumi na mmoja."

Mama Kufuli akavua miwani. Hesabu hiyo aliielewa haraka kuliko alivyopenda.

"Si tuwaambie tu kwamba si kweli?"

"Kwa ushahidi gani? Daftari lako, saini yangu, na vyote viwili vinasema hatuna shida. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali waingie. Sisi wafiwa tumekaa miaka yote hii tunatabasamu." Akapangusa tena. "Kikao cha kupitisha takwimu ni Alhamisi ya wiki ijayo. Kikipita, kimepita."

Alitoka pale amenuna. Njia nzima alijitetea kimoyomoyo: ni nani hospitali hii aliyewahi kukuta rafu tupu? Ni nani aliyewahi kuibiwa hata gramu moja? Alikuwa amezoea kusifiwa kwa kubana, na leo kubana kumekuwa kosa. Alilala nalo na kuamka nalo.

Jumamosi aliamka mapema, akaamua kumpelekea shemeji yake chupa asubuhi badala ya jioni kama kawaida. Shemeji huyu alikuwa mume wa mdogo wake, fundi cherehani, mtu wa maneno mengi, mwenye saratani ya koo la chakula kwa mwaka wa pili sasa. Jioni zote alizomtembelea alimkuta amekaa kitini, utepe wa kupimia umening'inia shingoni, anamtania. Alimwita Serikali. "Karibu Serikali, umetuletea mgao?" Naye humjibu kwamba akiendelea na mdomo huo mgao utasitishwa. Kwa hiyo moyoni mwake alishaweka kwamba Fundi anaendelea vizuri, kwa kadiri ya hali.

Mdogo wake alifungua mlango nusu, akasimama pale kama anayezuia kuku wasiingie ndani.

"Dada! Leo mapema hivi? Si ungepita jioni?"

"Jioni nina kazi. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Amelala."

Ndani ikasikika sauti. Haikuwa ya mtu aliyelala. Mama Kufuli akamsogeza mdogo wake kwa bega, akaingia.

Fundi alikuwa chini sakafuni, kando ya kitanda, magoti yamekunjwa hadi kifuani, ameuma kipande cha kitambaa cha suti. Jasho lilikuwa limelowesha fulana yote. Alimwona shemeji yake, akajaribu kuondoa kitambaa mdomoni ili aseme utani wake, ukashindikana. Mwanamke aliyepima mofini kwa miaka ishirini na sita alikuwa hajawahi kuyaona maumivu asubuhi, nyumbani kwa mtu. Kwake yalikuja dirishani yameshavaa nguo za pasi na kusimama foleni.

Alipiga magoti, akafungua chupa, akampimia kwa bomba lisilo na sindano. Tone la kijani likamdondokea Fundi kidevuni. Wakakaa hivyo hivyo sakafuni, watatu, karibu nusu saa, hadi magoti ya Fundi yakaanza kunyooka.

"Kila siku iko hivi?" akauliza.

Mdogo wake ndiye aliyejibu. "Asubuhi tu, dada. Dawa haitoshi kutwa, kwa hiyo anakunywa kuanzia alasiri ili apate kulala. Asubuhi anajikaza."

"Na mbona hamkuniambia?"

Fundi alikuwa amepata sauti, ingawa ya chini. "Tukuambie nini, Serikali? Ulisema tujitahidi ifike mwisho wa mwezi. Imefika."

Hakusema kwa lawama. Ndilo lililomuumiza zaidi: alisema kama fundi anayekabidhi kazi iliyoagizwa, na iko sawasawa na vipimo.

"Kwako hakuishiwi dawa," akaongeza. "Watu wote wanajua. Ningekuwa mimi wa kwanza kukuaibisha? Shemeji gani huyo?"

Mama Kufuli akalia. Alilia kwa sauti, mkono umeziba mdomo, mpaka mdogo wake akawa ndiye wa kumbembeleza. Alimlilia Fundi na asubuhi zake, na baada ya Fundi wakaja wengine mmoja mmoja: mwalimu mstaafu wa chupa ya sharubati, yule mama anayekuja na mkwewe, na wote aliowaambia wapite mwezi ujao ambao hawakupita. Siku zote aliamini kwamba wasiporudi ni kwa sababu wamepata nafuu. Mtu mzima, msomi wa dawa, na aliamini hivyo.

Jumatatu asubuhi alikwenda masjala, chumba cha mafaili, akamwambia karani wa pale amtolee mafaili yote ya saratani ya mwaka uliopita. Karani, mzee mmoja mwenye kisukari na hasira za karibu, akamwambia hayo mafaili hayajapangwa kwa ugonjwa, yamepangwa kwa namba, na yeye si mashine.

"Basi tutayapitia yote," akasema Mama Kufuli, akavuta kiti.

Siku ya kwanza karani alilalamika. Siku ya pili alileta kiti cha pili. Walikaa kwenye vumbi wakifungua faili baada ya faili. Karani anasoma, yeye anaandika kwenye daftari la shule la kurasa themanini. Palipokuwa na namba ya simu, alipiga. Alijitambulisha, akatoa pole, akauliza swali moja tu: mgonjwa wenu alipata dawa ya maumivu? Wengine walimshukuru kwa kuuliza. Mmoja alisema, "Tuliambiwa tupite mwezi ujao," kisha akakata simu. Mama Kufuli akaweka simu mezani, akafuta miwani, karani akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza. Halafu wakaendelea.

Jumatano jioni hesabu ilikuwa tayari. Watu themanini na saba walihitaji mofini mwaka ule. Ishirini na watatu walipata, nao waligawana dawa ya kumi na mmoja. Sitini na wanne hawakupata kabisa.

Mganga Mkuu alizisoma namba hizo amesimama. "Mama, unajua ukisoma hivi kesho mbele ya watu wataanza kwa kuuliza nani aliamua wagonjwa wapewe nusu?"

"Najua."

"Umebakiza miaka miwili ustaafu."

"Najua pia kuhesabu miaka, Daktari."

Ukumbi wa kikao ulikuwa na viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa ili vionekane vya heshima, chupa za maji mezani na mashine ya kuonyesha picha ukutani iliyogoma mara mbili. Walikuwepo wawakilishi wa hospitali kumi na nne. Aliyeongoza ni ofisa mipango wa wizara, mwanamke wa makamo, msemaji mzuri, asiyependa kupoteza muda. Alikuwa anapitisha mistari mmoja baada ya mwingine: imekubaliwa, imekubaliwa. Ulipofika wa kwao, Mama Kufuli akasimama. Alikuwa hajawahi kuzungumza kwenye kikao chochote.

"Samahani, mheshimiwa. Huo mstari umetoka kwenye daftari langu. Daftari halina uongo hata nukta moja. Lakini ukweli haumo."

Vicheko viwili vitatu. Akafungua daftari la shule, akasoma namba tatu: themanini na saba, ishirini na watatu, sitini na wanne. Vicheko vikaisha.

"Hao sitini na wanne," akasema ofisa, "mbona hawaonekani kwenye taarifa hata moja?"

"Tulikuwa tunaandika dawa, mheshimiwa. Hatukuwa tunaandika watu."

"Na fomu za upungufu? Ziliwekwa kwa kazi hiyo hiyo."

"Ziko kwenye droo yangu. Nilikuwa naona aibu kuzijaza."

Ofisa akainua macho. "Na nani aliyeamua wagonjwa wapewe nusu ya kipimo?"

Mama Kufuli alikuwa amejiandalia sentensi ndefu yenye makopo na miezi mitatu ndani yake. Akaiacha.

"Mimi."

Kiti kikasuguliwa sakafuni. Mganga Mkuu alikuwa amesimama kando yake, kipara kinang'aa. "Na mimi nilisaini, kila mwezi. Tuandike wote wawili."

Hakuna aliyejua kikao kingeelekea wapi kama si mwanaume mmoja wa safu ya nyuma, mtunza stoo wa hospitali nyingine, mnene, aliyekuwa anasinzia tangu chai ya saa nne. Aliinua mkono nusu, kama mwanafunzi asiye na uhakika na jibu. "Na kwetu," akasema. "Sisi hutoa robo." Mwanamke aliyekaa mbele yake akageuka kumtazama, akafikiri kidogo, akainua wa kwake. Mpaka mikono ilipoacha kuinuka ilikuwa tisa. Hospitali tisa kati ya kumi na nne, zote zina rafu zisizokauka, zote zimewahi kupongezwa kwa barua.

Ofisa alivua miwani akaiweka juu ya rasimu. Mtu angedhani atafoka. Badala yake alisema polepole, kama anajisemea mwenyewe, "Kwa hiyo tumepanga miaka mitano kwa kuhesabu makopo." Kisha akafunga rasimu. Takwimu zile hazitapitishwa leo, alisema. Kila hospitali irudi ikahesabu watu, wiki tatu. Na ninyi wa kwanza, akamgeukia Mama Kufuli, mtaandikiwa barua ya onyo kwa vipimo, hilo silikwepi. Lakini njoo unionyeshe umehesabuje, maana nataka wote wafanye hivyo.

Barua ya onyo ilikuja kweli. Mama Kufuli aliisaini, akaisoma mara mbili, akaiweka kwenye faili lake. Siku hiyo hiyo alivuta fomu ya upungufu kutoka kwenye bunda la rangi ya chai, ya kwanza maishani mwake, akaijaza kwa mwandiko wa herufi kubwa mpaka karani wa masjala akamuuliza kama anaandikia vipofu. Kopo la dharura likaja baada ya siku tisa.

Safari hii Fundi alikuja mwenyewe, akapata chupa iliyojaa mpaka shingoni. Shemeji yake alimwekea dirishani, akafungua mdomo kusema maneno yake ya siku zote, akakuta hayafai tena. "Kunywa kila baada ya saa nne," akasema tu. "Ikiisha, njoo."

"Serikali imebadilika?" akauliza Fundi.

"Serikali ilipinduliwa. Ondoka dirishani, kuna watu nyuma yako."

Asubuhi zikarudi kwake. Kuanzia wiki ile majirani walisikia cherehani saa mbili, na alikubali kazi ndogo ndogo, kupunguza suruali, kubadili zipu, hasa apate watu wa kuzungumza nao. Aliishi miezi saba. Alifariki nyumbani, mkewe kando yake, uso umetulia. Mama Kufuli alimlilia sana, kwa kuwa alimpenda, lakini kilio hicho hakikuwa na kile kitu cha Jumamosi ile ndani yake.

Mpango wa taifa ulitoka kabla mwaka haujaisha. Hospitali yao iliwekwa kundi la kwanza. Alikuja muuguzi wa tiba shufaa mwenye begi mgongoni, anayewafuata wagonjwa majumbani, tena asubuhi. Chumba walichopewa kilikuwa stoo ya magodoro. Kimepakwa rangi, kimewekwa viti viwili na dirisha linalofunguka. Na daftari jipya la dawa kali, kwa hospitali zote, lilichapishwa likiwa na safu moja zaidi upande wa kulia: waliokosa. Mama Kufuli huijaza kila siku ya dawa. Siku nyingi huandika sifuri. Siku nyingine haandiki sifuri, na siku hizo hujaza fomu kabla hajanywa chai.

Mwaka uliofuata, wakati wa kukusanya takwimu, simu ya stoo ililia. Alikuwa ofisa wa wizarani, mgeni kwenye kazi, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi.

"Mama, nina mstari wenu hapa. Kwenye rasimu ya mwaka jana mlikuwa na wagonjwa kumi na mmoja. Sasa mmeleta mia moja na wanne. Kuna nini huko kwenu? Ugonjwa umelipuka?"

Dirishani palikuwa na foleni. Mbele yake alisimama mwanamke ameshika chupa ya sharubati kwa mikono miwili, anasubiri. Mama Kufuli alimwonyesha kwa kidole kwamba anakuja.

"Haujalipuka, mwanangu," akasema kwenye simu. "Walikuwepo."